Maswali Matatu kutoka Kambi ya Barafu

Bondeni, Nakuru
5 Januari 1958

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku nyumbani hatujambo sote, hofu ni kwako uliye juu ya mlima. Mama anakusalimu sana, na shangazi Mboni pia, ambaye amehamia kwetu mpaka utakaporudi, kwa sababu anasema nyumba isiyo na mwanamume inahitaji mwanamke mkali.

Barua yako ya mwezi jana ilifika ikiwa imelowa pembe moja. Mama aliianika kwenye kamba pamoja na kanga zake kabla hajaniruhusu niisome. Alisema labda barafu yenyewe imesafiri nayo.

Shule imefunguliwa na sasa niko Darasa la Nane. Mwalimu Wachuka anatufundisha kuandika barua. Anasema barua nzuri hujibu kilichoulizwa na haimchoshi msomaji. Juzi alinirudishia yangu ikiwa na wino mwekundu kila mahali, na pembeni ameandika, “Nani amekuuliza haya?” Kwa hiyo ninajifunza.

Alituonyesha pia tufe la dunia. Alisema mwaka huu wataalamu wa mataifa mengi wanaipima dunia kwa pamoja, na wengine wamepiga kambi Ncha ya Kusini, ambako kuna majira jua halichwi kabisa. Nilinyoosha mkono nikasema baba yangu ni nyapara wa kambi ya namna hiyo, ila yake iko Mlima Kenya. Msichana mmoja anayeitwa Zeddy akasema, “Wacha uongo wewe! Barafu ya Kenya iko kwa duka ya soda.” Darasa lote likacheka. Mwalimu hakucheka. Ameniambia nikuulize kazi ya nyapara wa kambi ya barafu ni ipi hasa, kisha niwasomee wenzangu.

Baba, Mama ameniambia maneno ya Bwana wako, yule mzungu wa barafu, kwamba msimu ukiisha vizuri atakupendekeza uwe nyapara wa kudumu wa kituo cha hali ya hewa hapa Nakuru, na nyumba ya serikali. Je, ni kweli? Babu mdogo anasema msichana akimaliza Darasa la Nane amekwisha soma. Mama anasema ukipata kazi hiyo nitaendelea mbele. Siombi kitu. Nauliza tu.

Mwanao mtiifu,
Mastura binti Miraji


Kambi ya Barafu, Mlima Kenya
16 Januari 1958

Mwanangu Mastura,

Marahaba. Mwambie huyo Zeddy aje na chupa yake ya soda, nitamwekea barafu ya kumtosha yeye na ukoo wake.

Mwalimu wako ameuliza, nami najibu. Kazi ya nyapara wa kambi ya barafu ni kuhakikisha kwamba watu wote waliolala wameamka. Hayo mengine ni nyongeza. Bwana wetu, ambaye wapagazi wanamwita Bwana Vijiti, amechomeka vijiti kwenye barafu kuanzia chini mpaka juu, na kila juma vinapimwa ili ijulikane barafu imepungua kiasi gani na imesogea wapi. Ndiyo, inasogea, ingawa hakuna aliyewahi kuiona ikienda. Yeye anapima. Mimi natazama chakula, mafuta ya taa, mahema, kamba na watu. Maharage huku hayaivi hata uyapike kutwa nzima, maana maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa. Kosgei mpishi anasema mzungu huyu ametoka kwao kwenye baridi, akalivuka jua lote la Afrika, ili aje kuitafuta baridi pale tulipoificha.

Ugonjwa wa huku una hila. Hewa ni nyepesi. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha anakuwa kama mlevi, na asiposhushwa upesi hafiki kesho. Lakini wako pia wanaojitia ugonjwa ili washuke. Basi kila asubuhi nampitia kila mtu kwa maswali matatu tuliyofundishwa na sajini wetu wakati wa vita, katika milima ya Uhabeshi: Anatembea? Anakula? Akiitwa anajibu sawasawa? Akipita yote, anabaki kazini. Likimshinda moja, anashuka siku hiyo hiyo. Sijapoteza mtu.

Sasa nina jambo la kukutuma. Nina kijana anaitwa Ndung’u, mwenyeji wa Bahati. Yeye peke yake ndiye awezaye kupanda na Bwana hadi vijiti vya juu, penye nyufa za kumeza mtu. Wengine miguu huwatetemeka, na mimi goti langu unalijua. Mke wake, Wangu, ni mja mzito, anakaa kwenye laini, zile safu za vibanda vya wafanyakazi wa shamba la maua ya pareto huko kwao. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu. Ndung’u amepata salamu kwamba mkewe hajisikii vizuri, naye anataka kushuka ampeleke hospitali ya Nakuru, angoje siku zake huko karibu na daktari. Unajua mambo ya Wakikuyu siku hizi za Hali ya Hatari. Bila pasi yenye sahihi yangu hafiki hata stesheni ya Naro Moru kabla hajakamatwa. Na akishuka, vijiti vya juu havitapimwa, na Bwana amesema hesabu ikikatika katikati ya msimu ni kama haikufanywa. Hayo uliyoniuliza ya kazi ya Nakuru ni kweli, mwanangu, ila yamefungwa kwenye kamba hiyo hiyo.

Sisemi kwamba Ndung’u anadanganya. Lakini nyapara akikusanya wake wote wagonjwa anaoambiwa, atajaza hospitali mbili. Nenda na shangazi yako Jumamosi ukamtazame kwa macho yako, uniandikie: anatembea? anakula? akiitwa anajibu sawasawa? Neno lako nitaliamini kuliko salamu za barabarani.

Ni mimi baba yako,
Miraji


Bondeni, Nakuru
26 Januari 1958

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi sote hatujambo.

Jana shangazi Mboni na mimi tulikwenda Bahati tukamwona Wangu, mke wa Ndung’u. Umeniuliza mambo matatu, nami nayajibu.

La kwanza: anatembea. Tulimkuta akitoka mtoni na debe la maji, na tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabara kubwa.

La pili: anakula. Alikula viazi na kunde mbele yetu, akatulazimisha nasi tule.

La tatu: akiitwa anajibu sawasawa. Alijibu kila neno la shangazi upesi na kwa mzaha. Mama mkwe wake, Mugure, alikuwa shambani akichuma pareto, hatukumwona.

Mwalimu Wachuka aliisoma barua yako mbele ya darasa. Zeddy ameniomba radhi, ila kwa sauti ndogo. Nimemwonyesha mwalimu na barua hii kabla sijaifunga, akasema ni mfano wa barua.

Mwanao mtiifu,
Mastura binti Miraji


Kambi ya Barafu
6 Februari 1958

Mwanangu Mastura,

Barua yako imepanda salama. Umeandika kama karani wa korti.

Nilimsomea Ndung’u pale hemani jikoni. Akaniomba nirudie hapo penye debe la maji. Nikarudia. Kosgei akamtania, “Wewe unamlilia bibi, na bibi anabeba debe! Nani mgonjwa sasa?” Watu wakacheka, naye mwishowe akacheka. Akasema, “Kama anabeba maji, basi.” Nikamweleza kwamba Bwana amekataa asishuke kwa sasa, lakini mwezi ukiisha ataondoka wa kwanza. Kesho yake alijifunga kamba akapanda, na vijiti vyote vya juu vimepimwa.

Sasa sikiliza, na umwambie mama yako peke yake, si majirani. Bwana ameandika ile barua ya Nakuru. Nimeiona ikiwa bado kwenye mashine yake ya kuandikia. Jina langu limo, kamili, na jina la baba yangu. Itashuka na mpagazi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo soma kwa bidii. Ukiona taa inakwisha mafuta, mwambie mama yako nimeruhusu ijazwe.

Baba yako,
Miraji


Bondeni, Nakuru
11 Februari 1958

Baba,

Shangazi amepeleka simu ya maandishi leo asubuhi, na huenda ikakufikia kabla ya barua hii.

Wangu amefariki. Ni usiku wa kuamkia jana. Uchungu ulipomshika alipata degedege, likamwachia, likamrudia. Watu wa laini zao hawaruhusiwi kutoka usiku. Walipomaliza kumwamsha mwenye shamba, na mwenye shamba akamwamsha dereva, kulikuwa kunakucha. Alijifungua ndani ya lori. Hakufika mjini.

Mtoto yu hai. Ni msichana.

Watamzika leo. Mpe Ndung’u pasi hata kama hatawahi.

Nitaandika tena. Leo siwezi.

Mastura


Bondeni, Nakuru
16 Februari 1958

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na sikulingojea, kwa sababu nikilingojea nitakosa nguvu ya kuandika.

Ulipouliza kama Wangu anatembea, nilijibu anatembea. Sikusema kwamba alitembea pekupeku kwa sababu viatu vya mumewe, ambavyo ndivyo alivyokuwa akivaa, vilikuwa havimwingii tena. Miguu yake ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani. Aliketi kitandani akabonyeza hapo juu ya wayo kwa kidole, na shimo la kidole likabaki. Uso wake pia ulikuwa umevimba chini ya macho. Alisema kichwa kinamgonga, na akiinama anaona cheche. Shangazi hakuyaona haya. Alikuwa nje akizungumza na jirani, Jerop, habari za bei ya mayai. Wangu alinionyesha mimi.

Kisha akaniambia, “Usiandikie bwana yangu hii maneno. Atatoroka bila pasi, wamfunge, na mimi nibaki na mtoto peke yangu.”

Jana nilimwambia Mama yote haya. Akanishika kichwa akasema, “Basi ulitunza siri ya mtu. Si dhambi.” Nilitamani sana liwe hivyo, Baba. Lakini sivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekwisha amua kabla hajaniomba. Nilipoiona ile miguu, kitu cha kwanza kilichonijia ni nyumba ya serikali. Nilijiona nimekaa dirishani na vitabu vyangu. Halafu yeye akaniomba nisiandike, nami nikafurahi kwamba ameniomba.

Na yote niliyoandika ni kweli. Hilo ndilo linaloniamsha. Hakuna mstari hata mmoja ninaoweza kuufuta nikasema huu ndio uongo wangu. Nilipokuwa nikiiandika ile barua, kalamu ilikwenda vizuri kuliko siku zote.

Sikuweza kwenda shule Ijumaa. Niliwaambia ninaumwa tumbo. Uone, nimeongeza na uongo huo.

Mastura


Kambi ya Barafu
27 Februari 1958

Mwanangu Mastura,

Ndung’u alishuka saa ile ile simu ilipofika. Nilimwandikia pasi kwa haraka hata sahihi haikufanana na yangu, nikaogopa wataikataa huko chini. Kosgei alimfungia chakula. Hakukichukua.

Nimezisoma barua zako mbili. Mtoto akitumwa maji huleta maji. Mimi ndiye niliyempima mwanamke mja mzito kwa kipimo cha wapagazi, nikaona nimefanya kazi ya maana. Shangazi yako ni mtu mzima na hakuona. Mwenyewe Wangu alikukataza. Nani atakushtaki?

Lakini wewe hukujificha nyuma ya hayo, basi na mimi nitoke. Nilikuandikia kwamba nilimwambia Ndung’u Bwana amekataa. Bwana hakukataa. Bwana hakuulizwa. Tangu siku ya kwanza aliniambia, “Miraji, watu ni wako, mimi nina barafu.” Aliyekataa ni mimi, nikaliweka neno langu katika kinywa cha mzungu, kwa kuwa neno la mzungu halibishiwi. Wanyapara tunafanya hivyo. Mtu akiomba sukari zaidi, Bwana amekataa. Akiomba blanketi la pili, Bwana amekataa. Kwa njia hiyo watu hawakuchukii, na Bwana hajui hata kwamba anachukiwa. Nimeifanya miaka mingi, mpaka siku hiyo ulimi haukuniuliza. Ulisema wenyewe.

Na kwa nini nilikataa? Unajua kwa nini. Dirisha uliloliona wewe, mimi nililiona kabla yako. Nilikuwa nimekwisha chagua mahali pa kuweka kiti changu.

Sasa nisikilize kama mtoto wangu. Usimwambie Ndung’u. Si ya kwako, wala ya kwangu. Aliyefiwa haongezewi mzigo. Akiambiwa haya, mkewe hatarudi, na yeye atakosa hata watu wa kunywa nao chai. Amesema atapita Bondeni kuandikiwa barua, maana nilikwisha mwambia zamani kwamba binti yangu ana mwandiko mzuri. Mpokeeni. Mwandikie atakachosema, basi.

Vijiti vya juu havikupimwa. Bwana alikaa tu juu ya sanduku la mafuta, hakuuliza. Barua ya Nakuru imeshuka na mpagazi juzi. Sijui niombe ifike au ipotee.

Baba yako,
Miraji


Bondeni, Nakuru
9 Machi 1958

Kwa Mzee Nyapara Miraji,

Hii ni barua ya mimi Ndung’u. Inaandikwa na mtoto yako Mastura. Nimekaa hapa kwa nyumba yako, nimepewa chai na mandazi na mama yake. Nimemwambia aandike vile mimi nasema, asininyooshee maneno.

Mzee, nilifika nikapata kaburi. Walinionyesha, ni karibu na miti ya mikaratusi pale chini ya laini. Niliweka jiwe. Mtoto ni mzima. Kwa sisi Wakikuyu msichana wa kwanza anaitwa jina ya mama ya baba yake, kwa hivyo huyu ni Mugure, kama mama yangu. Sasa wako Mugure wawili kwa nyumba moja na wote hawana meno. Mkubwa anamlisha mdogo maziwa na kijiko, na huyu mdogo akitema, mama yangu anamwambia, “Mugure, usinitemee, mimi ndiye wewe.” Ukisikia utacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikatoka nje.

Mzee, mimi sina ubaya na wewe. Wewe ni mtu mzuri, ulikuwa unanihurumia. Ni yule Bwana alikataa. Mwambie kamba yake iko salama, niliiacha kwa hema. Vijiti yake apande mwenyewe, na mguu ikiteleza aone huko ndani ya ufa kuna nini.

Kitu ingine nataka kushukuru huyu mtoto yako. Jerop wa jirani aliniambia alikuja na shangazi yake kumuona Wangu. Kwa watu wote tunajua hapa mjini, ni hawa wawili walipanda basi kwenda kumuangalia bibi yangu akiwa hai. Andika hiyo. Andika mtoto ya Miraji ana roho safi. Mbona huandiki?

*

Baba, hapa ni mimi, Mastura.

Nimeandika hayo yote kama alivyosema, mpaka neno la mwisho. Halafu kalamu ilisimama, naye akauliza ile “mbona”, nami nikaiandika pia kwa kuwa sikujua la kufanya.

Nimemwambia. Nimemwambia miguu, na uso, na kichwa, na cheche. Nimemwambia mkewe alinikataza, na kwamba nilikuwa nimekwisha amua kabla ya hapo, na kwamba sababu ilikuwa nyumba. La kwako sikuligusa. Hilo lina kinywa chake, nacho ni chako. Najua ulinikataza, na sijapata kukuasi, na sijui adhabu yake nitaipataje ukiwa huko mbali.

Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Shangazi Mboni akasema, “Huyu mtoto ana homa, usimsikilize.” Ndung’u alikiweka kikombe chini. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, “Ulikuwa na miaka mingapi ulipofunzwa kuandika?”

Nikasema, “Saba.”

Akasema, “Mimi sikufunzwa. Ndiyo maana mimi naamini karatasi.”

Alitoka nje. Tulidhani amekwenda. Shangazi alikuwa ameanza kunigombeza alipoingia tena, akaketi pale pale, akaniambia nishike kalamu. Yafuatayo ni maneno yake.

*

Mzee, umesikia. Ile ya kushukuru nimemwambia asifute, wacha ikae hapo, ilikuwa kweli wakati nilisema.

Nimemwambia aandike barua ingine, ya mimi. Aweke yote bibi yangu alifanya siku hiyo na yote alisema. Si ile ya maswali. Shangazi alikuwa nje, na mama yangu alikuwa anachuma pareto, kwa hivyo saa hiyo yote huyu mtoto anayo peke yake, na mimi naitaka. Nitapelekea mwalimu wa shamba ingine anisomee, mtu hanijui mimi wala nyinyi.

Kama nitarudi huko juu sijui. Usiningojee.

Ni mimi Ndung’u. Kidole changu gumba ni hiki.


Bondeni, Nakuru
15 Machi 1958

Kwa Baba Mugure,

Naandika barua uliyoitaka. Mwalimu atakayekusomea, tafadhali asome polepole, na asiruke kitu hata akiona ni kidogo.

Tulishuka kwenye basi asubuhi, jua likiwa bado si kali. Wangu tulimkuta njiani na debe kichwani. Alikuwa na leso ya kahawia yenye pindo lililokatika. Alipomwona shangazi yangu na mwavuli wake alicheka, akasema, “Mama, mvua yenyewe umeiacha wapi?” Shangazi akamwambia mwavuli ni wa heshima. Wangu akasema basi naye atautafutia heshima mahali pa kukaa, maana nyumba ni ndogo. Alilitua debe mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko.

Nyumba ilikuwa imefagiwa. Ukutani kulikuwa na koti lako kuukuu limetundikwa msumarini. Alisema analitikisa kila Jumapili ili panya asije akazalia humo, na kwamba mara nyingine huzungumza nalo, kwa kuwa halijibu, na wewe ukiwepo hujibu sana.

Tulikula viazi na kunde. Yeye alikula kidogo. Niliandika kwamba alikula. Alikula vipande viwili, kisha akasogeza sahani kwangu nilipokuwa nikitazama kwingine.

Shangazi alipotoka kuzungumza na Jerop, Wangu aliketi kitandani, akavuta pumzi, uso wake ukabadilika. Hapo ndipo aliponionyesha miguu. Alisema, “Angalia, imekuwa ya tembo.” Alikuwa akicheka bado, lakini alinishika mkono na hakuuacha. Aliniambia habari ya kichwa. Aliniambia cheche zilianza siku mbili tatu nyuma. Alisema mama yako anajua kuhusu miguu na amesema ni kawaida, lakini cheche hajamwambia. Aliniuliza, “Wewe umesoma. Hii cheche ni ya nini?” Nilisema sijui. Hilo lilikuwa kweli. Ningeweza kusema, njoo nasi sasa hivi tukuombee ruhusa kwa mwenye shamba, tupande basi pamoja, daktari atajua. Shangazi asingekataa. Basi lilikuwa linarudi saa nane. Sikusema.

Alipokwisha kunikataza nisikuandikie, aliuliza barafu ina ladha gani. Nilisema Baba anasema haina ladha. Akasema, “Basi Ndung’u ameenda mbali hivyo kwa kitu hakina ladha.” Akafikiri, akasema, “Lakini akirudi nataka aniletee, hata kidogo, kwa chupa.” Nilimweleza kwamba itayeyuka njiani. Akasema anajua, atayanywa hayo maji.

Alitusindikiza taratibu. Alisimama mara mbili akijifanya anatutazamisha shamba, kwamba pale ndipo pareto inapokaushwa, na pale ndipo mlipooana mkanyeshewa. Barabarani shangazi alipokuwa akilisimamisha basi, Wangu aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni mwake. Mtoto akapiga, kwa nguvu, mara moja na mara ya pili. Wangu akasema niupeleke ujumbe kwako. Sikuelewa wakati ule, kwa kuwa sikujua desturi yenu ya majina, wala sikujua kwamba alikuwa na hakika ni msichana. Nilidhani ni mzaha tu. Alisema, “Mwambie Ndung’u mama yake ananipiga mateke usiku kucha, na nimemvumilia kwa sababu ni mama yake.”

Kisha basi likaja.

Neno hilo la mateke halikuwa na ubaya wowote. Lingeweza kuandikwa kwenye ile barua ya kwanza, chini kabisa, nawe ungelisikia huko juu yeye akiwa hai. Sikuliandika kwa sababu Baba hakuuliza.

Mastura binti Miraji